Apostrofi ya Baba

Kuna mambo mengi siyawezi. Siwezi kuimba, siwezi kukamua ng'ombe bila kupigwa teke, na bugali wangu huwa na mabonge ambayo wageni huyakwepa kwa adabu. Lakini nipe watoto hamsini, ubao na wiki tatu, nitawafundisha apostrofi ya Kifaransa hadi waiweke hata wakiandika usingizini. Hili nalisema bila kuona haya. Wanafunzi wangu wa darasa la sita hapa Nyamitaba wakifika sekondari, walimu wa huko huwauliza ni nani aliyewafundisha. Najua kwa sababu watoto wenyewe hurudi kunieleza, wamevaa soksi ndefu na majivuno yao.

Mwaka wa kwanza, hata hivyo, nilikaribia kunyang'anywa darasa hilo, na kosa halikuwa la watoto.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Pinga, kule Walikale, ndani ya msitu wa Kongo, ambako barabara ni njia ya pikipiki na njia ya pikipiki ni matope. Nilipofika huku Masisi kufundisha nilishangazwa na anga. Sikujua kama anga ni kubwa kiasi kile. Vilima vitupu vya majani, ng'ombe wamesimama juu yake tangu asubuhi, na mtu unamwona akija nusu saa kabla hajakufikia. Walimu wenzangu waliniona mimi na mshangao wangu, wakanipa jina siku ya pili tu: Mama ya Pori.

"Mama ya Pori, kule kwenu jua inafikaka chini siku gani?"

"Siku ya kufunga mwaka," nilijibu, tukacheka wote. Utani haukuwa wa ubaya, na hata mimi nilikuwa na yangu ya kuwarudishia kuhusu watu wanaolala nyumba moja na ndama. Lakini nilikuwa kijana, mgeni, na kicheko changu kilikuwa cha meno tu. Taratibu nikaanza kuficha vitu. Wakiniuliza baba anafanya kazi gani, nilisema ni mkulima. Alikuwa na shamba la mihogo, kwa hiyo sikusema uongo mzima. Nilimega kipande tu cha ukweli, kile kikubwa nikakiacha jikoni. Baba yangu ni mwindaji. Ametega mitego tangu kabla sijazaliwa, anajua msitu ule kama mimi ninavyojua alfabeti, na alfabeti haijui hata kidogo.

Ndiye aliyenipeleka shule. Ndugu zake walimwambia kusomesha binti ni kutwanga maji kinuni. Hakubishana nao. Kila Jumatatu alinisindikiza asubuhi hadi kijiji chenye shule, akarudi porini, na Ijumaa nikamkuta ananisubiri mahali palepale. Siku nilipomtumia habari kwamba nimepewa darasa la sita, darasa la mtihani wa serikali, niliambiwa alizunguka kijiji kizima akisema, "Ya sita! Hakuna ingine juu yake!" Na kwa shule ya msingi ilikuwa kweli.

Sasa, apostrofi. Watoto wangu walikuwa wakiandika *je ai*, *la école*, *le arbre*, kila herufi imekaa mahali pake kama mgeni asiyetaka kuaga. Nikawasomea kanuni: neno dogo likiishia na vokali, na neno linalofuata likaanza na vokali, ile ya kwanza inaondoka na mahali pake inawekwa apostrofi. "Mmeelewa?" "Ndiyooo, Mwalimu!" Nikawapa zoezi. Hakuna aliyepata. Nilichukua muda kujifunza kwamba ile ndiyo ya watoto wa Nyamitaba si jibu. Ni salamu. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mtu mzima usoni kwamba maneno yake hayakueleweka, afadhali apate sifuri.

Wakati huohuo direkta wa shule aliniita. Alikuwa mzee mpole, mzaliwa wa vilima hivi, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kusema jambo zito. Aliivua.

"Mama Mwalimu, Inspekta anakuya kisha ya wiki nne. Atafikia kwako. Mwaka yenye ilipita klasi ya sita ilituaibisha kwa Kifaransa. Kama somo haiende muzuri, ataniomba nikurudishe klasi ya kwanza."

Si kwamba kufundisha darasa la kwanza ni aibu. Wanaofundisha pale ni mashujaa na nawavulia kitambaa. Lakini nilimfikiria baba akizunguka kijiji upya, nyumba kwa nyumba, kupunguza hesabu kutoka sita hadi moja. Nikaapa kwamba hilo halitatokea.

Kuhusu Inspekta nilijua jambo moja, na walimu wote wa Masisi walilijua. Kila somo tunalofundisha huandikwa kwanza kwenye karatasi tunayoiita fishi, na juu yake kuna mstari wa rejeo, mahali pa kuandika somo limetolewa kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Walimu wengi huujaza mstari ule wakiwaza mambo mengine. Huyu Inspekta alianza na huo. "Somo pasipo rejeo," alikuwa akisema, "ni uvumi."

Fikra ilinijia Jumamosi nikitoka kisimani. Nilivunja tawi dogo la kando ya njia ili nifukuze nzi, halikukatika, likabaki linaning'inia kwa ganda lake. Niliweka bidoni la maji chini. Nilikuwa nimeona alama ya baba.

Baba akiacha njia kubwa kwenda kukagua mitego, huvunja kijiti mahali anapoiachia njia. Anayemfuata nyuma akikiona anajua mtu ametoka hapa, asimtafute mbele. Nikiwa mtoto niliviona vijiti vile mara nyingi. Na apostrofi ni nini kama si hicho hicho? Herufi ilikuwa ikitembea na wenzake, ikaiacha njia, mahali ilipotokea ikaacha alama.

Jumatatu nikaingia darasani na vijiti vyangu. Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na nililifanya kwa mikono miwili. Kijiti cha baba huwa na majani, kimepinda, kinaning'inia, kina sura ya pori. Mimi Mama ya Pori niliona haya kukileta hivyo. Nikakata vijiti kwa kisu, vyote urefu mmoja, nikavimenya ganda vikawa vyeupe, nikavisimamisha wima kwenye madonge ya udongo. Vilipendeza kama mishumaa ya kanisani.

Nikawasimamisha watoto wanne mbele: *j*, *e*, *a*, *i*. "*E* amekutana uso kwa uso na *a*. Hawawezi kupishana. *E*, toka nje!" Mtoto akatoka mbio, na mahali pake nikaweka kijiti. Darasa lilishangilia. Kila mmoja alitaka kuwa herufi inayotoka, maana nje kulikuwa na jua na mpira. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilihisi nimewashika.

Binti mmoja wa benchi la mbele, mwenye macho yasiyokosa kitu, aliinua mkono. "Mwalimu, hii mambo ya kijiti ulitolea wapi?"

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi fupi. Lakini mlango ulikuwa wazi, mwenzangu wa darasa la tano alikuwa akipita, na uongo ulinitoka kama mbuzi aliyeona geti limeachwa.

"Kwa kitabu. Kitabu moja ya Kifaransa."

"Aaah," watoto wakaitikia kwa heshima, na nikaenda kuandika vivyo hivyo kwenye fishi: kitabu cha sarufi ya Kifaransa. Mahali pa ukurasa nikapaacha wazi, nikijiambia nitapajaza baadaye. Wiki hiyohiyo, kwenye somo la Kiswahili, nilikuwa nimewaandikia ubaoni methali ya mkana kwao mtumwa, na nikawaeleza maana yake kwa sauti kubwa.

Ijumaa niliwapa imla. Nikachukua madaftari nyumbani nikiwa na kalamu nyekundu na moyo mweupe, na daftari la tatu halijaisha nikasimama. *La'vache. Le'lait. Mon'père. Ma'mère.* Walikuwa wamepanda apostrofi kati ya kila neno na jirani yake. Ng'ombe na maziwa yake, baba na mama, wote wametengwa kwa kijiti.

Jumatatu niliwaka. Nilipiga meza kwa rula, nikauliza kama nimekuja kufundisha watu au mbuzi, nikasema mengine ambayo sitayaandika. Direkta alivutwa na kelele, akaingia, akaomba kuona daftari moja. Akasoma. Mabega yakaanza kumtikisika, na safari hii miwani aliivua ili afute machozi ya kucheka.

Alinivuta nje. "Mama Mwalimu, usiwagombeze. Hapa kwetu kijiti chenye kusimama kwa udongo njo mupaka. Mutoto wa hapa, mbele ya kujua kuhesabu, anajua mupaka ya shamba la babake. Umewaonesha mipaka, wameiweka pahali pote maneno inapakana. Wamefanya kazi muzuri sana!"

Nilisimama pale nje ya darasa nikiutazama mteremko wa mbele, na kweli, kulikuwa na vijiti kila mahali, kati ya maharagwe na viazi, kati ya viazi na malisho. Nilikuwa nimeishi katikati yake miezi mitatu. Hasira yote ikanigeukia mimi mwenyewe. Laiti ningekileta kijiti kama kilivyo, kimepinda na majani yake, hakuna mtoto ambaye angekidhani ni mpaka. Nilikuwa nimekiosha hadi kikapoteza kazi yake. Na nilipotaka kukivunja kama baba, niligundua sikumbuki vizuri. Kinavunjwa upande gani? Urefu gani? Ncha inaelekea wapi?

Baba hupanda kilima kutafuta mtandao kila Jumapili baada ya ibada. Nikangoja Jumapili.

"Papa, kile kijiti unavunjaka kwa njia, unakivunjaka namna gani?"

Akauliza kwa wasiwasi: "Ju ya nini unauliza? Umepotea?"

"Hapana, Papa. Nataka kufundisha nayo watoto."

"Watoto wa Masisi wataenda porini kufanya nini?"

"Ni kwa Kifaransa, Papa."

Alicheka hadi akakohoa, na nikasikia akiwahadithia watu waliokuwa naye kilimani. Kisha akasema, "Kile hakifundishwake kwa simu. Kinafundishwa kwa mukono. Ntakuya."

Alifika Alhamisi, siku mbili njiani, matope yamempanda hadi masikioni, kashikilia mfuko wake wa ngozi na chupa ya mafuta ya mawese kama mtoto mchanga. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia. Nilifurahi kumwona hata nikasahau kila kitu, pamoja na kitabu changu cha Kifaransa.

Ijumaa direkta aliruhusu. Baba hakuingia darasani kabisa, aliwatoa watoto nje, kwenye mikaratusi ya nyuma ya shule. Alivunja kijiti kimoja kwa mkono, polepole, wasikie mlio wake. Hakukikata. Ganda lilibaki limeshika, ncha imeinama kuelekea upande aliokwenda.

"Ukikata," aliwaambia, "umemutupa mwenye anakufuata. Ukivunja, ganda linabaki. Mumeachana kwa macho, lakini munashikana bado."

Akawatembeza. Kundi la mbele likaenda, mmoja akatoka njiani akivunja kijiti, kundi la nyuma likatafuta. Nilikuwa nimesimama kando na nikaona kila nilichokuwa nimekikosa. Apostrofi haitengi. Herufi imetoka, na waliobaki wameshikana zaidi kuliko mwanzo. Tuliporudi ndani niliwaandikia maneno kumi, na watoto arobaini na kitu wakayapata yote. Sikuwahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea baba saa ile.

Ndipo yule binti wa benchi la mbele, kwa adabu zote, akamgeukia.

"Papa, na weye ulisomaka kile kitabu?"

"Kitabu gani, mama?"

"Kile cha Kifaransa, chenye Mwalimu alitolea mambo ya kijiti."

Baba alinitazama. Hakunitazama muda mrefu. "Hapana, mutoto yangu," alisema. "Mimi sijuake kusoma." Akavaa kofia yake.

Njiani kurudi nyumbani alizungumzia maharagwe. Akasema ng'ombe wa huku wamenona. Nilitaka anigombeze, maana baba akigomba huwa ameshasamehe, lakini aliendelea na ng'ombe wake hadi mlangoni. Niliona aibu, aibu ya kweli. Jioni nilianza kusema, "Papa, kile kitabu..." akanikatiza taratibu.

"Somo inaenda muzuri?"

"Inaenda."

"Basi."

Inspekta alikuwa anakuja Jumanne. Jumatatu nililitoa fishi langu nikaliweka mezani na kalamu kando yake. Ningeandika nini? Baba yangu, mwindaji? Mtu aliyesema somo pasipo rejeo ni uvumi angesema nini kuhusu rejeo lisilojua kusoma? Kukiacha kitabu pale, somo lingepita. Nilijiambia hivyo, na nikakiacha. Sitafuti udhuru, naeleza tu jinsi ilivyokuwa.

Siku yenyewe direkta alikuwa ameagiza sambaza kutoka Shasha, wale samaki wadogo wa ziwa, ili mgeni ale vizuri, na harufu yake ilikuwa imefika hadi ofisini. Inspekta alikuwa mfupi, mwenye viatu alivyovifuta kwa jani kabla ya kuvuka kizingiti. Akaketi nyuma. Baba alikuwa ameomba kusikiliza, akapewa kiti karibu na mlango, kofia juu ya goti.

Somo lilikwenda kama maji ya mteremko. Watoto walikuwa na vijiti vyao, vimepinda, na majani yake, nami sikuona haya tena kwa hilo. *J'ai. L'école. L'arbre.* Mmoja akaniuliza kuhusu *aujourd'hui*, yaani leo, nani aliyetoka mle. "Huyo alitoka zamani sana," nilisema, "hata mimi sikumkuta." Nikamwona Inspekta anacheka na daftari lake. Nilijua nimeshinda. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga ujumbe wa kupelekwa Pinga, nikasahau kwamba Pinga yote imeketi pale mlangoni.

Kisha akainua fishi langu na kuniuliza, kwa Kifaransa, kama alivyostahili kuuliza: ni kitabu gani hiki, na ukurasa wa ngapi? Angependa kukitafuta kwa ajili ya shule nyingine.

Direkta akakohoa. Alikuwa na moyo mwema, akataka kuniokoa. Akaeleza, kwa Kifaransa pia, kwamba vitabu vingi vya shule vilipotea ule mwaka shule ilipofungwa na kufunguliwa mara mbili. Lilikuwa jambo la kweli, na lilikuwa mlango umefunguliwa mbele yangu. Nilihitaji tu kusema ndiyo. Nikamtazama baba. Alikuwa akitabasamu. Hakuelewa neno hata moja, aliona tu mtu mkubwa mwenye kalamu akizungumza na binti yake kwa heshima, na uso wake wote ulikuwa umefunguka. Ningeweza kumkana mara ya pili, mbele ya macho yake, na asingejua, angeendelea kutabasamu.

Sikuweza.

"Bwana Inspekta," nilisema kwa Kiswahili, "hakuna kitabu."

Akanikumbusha kwamba tuko kwenye somo la Kifaransa.

"Najua. Hii nasema kwa Kiswahili ju Papa yangu asikie. Kitabu haiko. Nilidanganya watoto, nikadanganya na kwa fishi. Hii mambo ya kijiti ni ya Papa. Ni muwindaji wa Pinga. Ni ule mwenye kukaa kwa mulango."

Watoto wote waligeuka. Benchi moja lilianguka. Baba alisimama, kofia mkononi, tabasamu limemtoka, akinitazama kama anavyotazama kitu kinachosogea kwenye majani kabla hajajua ni nini.

Inspekta aliweka fishi chini. Kisha akamgeukia baba, naye akaacha Kifaransa. "Papa, na kama mwenye anakufuata hakuone kijiti?"

"Atanitafuta pahali siko," baba alijibu.

"Na mwenye alikiona?"

Baba alifikiri. "Atanipata, ao ataningoja. Lakini hatasema nilipotea."

Inspekta akaandika kwa muda mrefu sana. Alinipa majibu yangu nje, chini ya ukingo wa paa, bila kuzungushazunguka. Kwa rejeo la uongo aliniandikia onyo kwenye faili langu, kwa wino. Darasa la sita litabaki langu. "Mwalimu mwenye anasemaka uongo mbele ya watoto," aliniambia, "kisha anautoa mbele ya watoto haohao, huyo nitakuya kumuona tena mwaka kesho." Nilikasirika kuhusu lile onyo, na hata leo nikilikumbuka ninakasirika kidogo. Nilistahili, lakini kustahili hakupunguzi uchungu. Akaenda kula sambaza wake, akawamaliza.

Mchana direkta alinirudishia fishi. Mstari wangu wa rejeo ulikuwa umekatwa kwa rula, na juu yake kulikuwa na mwandiko wa Inspekta. Nikaenda nalo nyumbani. Baba alikuwa ameketi uani anafunga mfuko wake, maana pikipiki ya kumrudisha ingemngoja asubuhi.

"Aliandika nini?" aliuliza.

Nikaketi kando yake. "*Le père de l'enseignante, chasseur, Pinga*. Ni kusema: baba wa mwalimu, muwindaji, Pinga."

Alichukua karatasi kwa mikono miwili. Aliishika vizuri, haikuwa juu chini, kwa sababu alinitazama kwanza ninavyoishika. Akaweka kidole, kile chenye ukucha mnene, mwanzoni mwa mstari, akaenda nacho taratibu kama anayefuata nyayo kwenye udongo mkavu. Katikati kikasimama.

"Na hii yenye kuvunjika?"

"Njo apostrofi, Papa."

"Nani alitoka hapa?"

"Ni *a*."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari za jirani anayemfahamu. "Na mimi niko wapi?"

Nikakishika kidole chake nikakirudisha nyuma kidogo. "Hapa. *Père*."

"Na weye?"

Nikakipeleka mbele, nikakivusha ile alama. "Niko hapa. Kisha ya kijiti."

Aliutazama mstari ule muda mrefu. Nilijua anakumbuka swali la Inspekta, nikangoja.

"Basi ulikiona," alisema.

Akanirudishia karatasi, akaniambia nimsomee tena tangu mwanzo.